Logibuku si fomu ya chuo

Kila mwaka, muhula wa pili unapokaribia kwisha, mlango wa ofisi yetu hujaa wanafunzi wanaotafuta kitu kimoja tu, yaani barua ya utambulisho ya kwendea fildi (mafunzo kwa vitendo). Akishaipata, mwanafunzi huondoka ameridhika, na wengi siwaoni tena mpaka wamehitimu, wanaporudi kuniomba niwapitie wasifu kwa sababu wametuma maombi kila mahali wala hawajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Ninapowauliza walifanya nini kituoni, jibu huwa fupi: "Nilikuwa uhasibu." Nikiomba kuiona logibuku, daftari la kuandikia kazi za kila siku za fildi, hawajui ilipo.

Kazi yangu ni kuwaunganisha wanafunzi na vituo vya mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja hapa Tanzania, na baada ya miaka kadhaa nimefikia kuamini kwamba fildi humsaidia mtu kupata ajira kwa kadiri anavyoweza kueleza alichokifanya huko, na kwamba hawezi kukieleza vizuri asipokuwa amekiandika siku ileile. Cheti humwambia mwajiri ulisoma nini. Hakimwambii kama umewahi kushika jalada la malipo halisi, ukakuta kasoro, ukajua ni nani wa kumwonyesha.

Taratibu hutofautiana kwa fani. Wanaosomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huenda mafunzo ya wiki nane baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wenyewe huyaita PT moja, PT mbili na PT tatu. Wanaosomea ualimu huenda mazoezi ya kufundisha shuleni. Madaktari hufanya utarajali wao wa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Kwa wanaosomea uhasibu, ugavi, utawala au maendeleo ya jamii, ambao ndio wengi wanaopita ofisini kwangu, kwa kawaida ni wiki chache za likizo ndefu. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wana fungu la mafunzo kwa vitendo ndani ya mkopo wao, na wasio na mkopo hutegemea wazazi au ndugu wa kuwapokea, jambo linaloeleza kwa nini wengi huchagua kituo kwa kuangalia shangazi anaishi wapi. Siwalaumu. Nauli na chumba ni hesabu ya kweli, na kituo kizuri kisichofikika si kituo.

Ninachowalaumu nacho ni kuchelewa. Mwanafunzi akipeleka barua halmashauri hudhani ameipeleka kwa mtu, kumbe ameipeleka masjala. Pale hugongwa muhuri wa kupokelewa, huingizwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio, kisha jalada hupanda mezani kwa Mkurugenzi, ambaye huenda yuko safarini Dodoma. Akirudi huandika pembeni, kwa kalamu, "Mkuu wa Utumishi, shughulikia." Jalada hushuka utumishi, ambako afisa huuliza idara ya fedha kama ina nafasi ya mwanafunzi, mweka hazina akikubali, jalada hurudi utumishi ili jibu liandikwe, lisainiwe na kutumwa. Hakuna aliyezembea katika safari yote hiyo, na bado wiki tatu zimepita. Aliyepeleka barua wiki mbili kabla ya chuo kufunga atajikuta amekaa kwa shangazi bila kituo, akinipigia simu.

Kwa hiyo barua iende mapema, miezi miwili au mitatu kabla, na iseme jambo linaloeleweka. Barua nyingi huwa na kichwa "Yah: Ombi la nafasi ya mafunzo kwa vitendo" na chini yake aya moja inayoweza kupelekwa ofisi yoyote nchini bila kubadilisha neno. Ninawashauri waongeze sentensi mbili: mwaka huu nimesoma masomo gani, na ningependa kupangiwa kitengo gani. "Nimesoma uhasibu wa serikali na ukaguzi wa ndani, na ningeomba kupangiwa kitengo cha malipo au cha ukaguzi" humwondolea afisa utumishi kazi ya kukisia. Pia iwe na tarehe za kuanza na kumaliza. Utashangaa ni barua ngapi hazina.

Sasa nije kwenye logibuku yenyewe. Chuo humpa mwanafunzi daftari lenye nafasi ya kila siku, mahali pa muhtasari wa wiki na pa saini ya msimamizi wa kituo. Nimepitia mamia ya madaftari hayo, na sentensi inayoongoza kwa kurudiwa ni "Nilisaidia kazi za ofisi." Kuna binti mmoja aliyeiandika siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimwita tukaketi, nikamtaka anisimulie Jumanne yake kwa mdomo. Ikabainika kwamba Jumanne hiyo alipewa rundo la hati za malipo 42 azilinganishe na taarifa ya benki, akakuta tatu hazina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, akamwonyesha mhasibu, naye akamfundisha kwamba hati ya namna hiyo hurudishwa kwa aliyeomba malipo pamoja na maelezo ya maandishi, wala haisukumwi mbele kwa matumaini kwamba mkaguzi hataiona. Yote hayo aliyafunga ndani ya maneno manne, "nilisaidia kazi za ofisi", akageuza ukurasa.

Tuliiandika upya palepale, kwa mistari minne: kazi aliyopewa, idadi, kasoro aliyoiona, hatua iliyochukuliwa. Siku hiyo alikuwa amepata, bila kujua, jibu la swali ambalo wasaili wengi hupenda kuliuliza: tueleze tatizo ulilowahi kukutana nalo kazini na ulilitatuaje. Anayejiandaa kwa swali hilo usiku wa kuamkia usaili hutunga hadithi, na hadithi ya kutunga huvunjika kwa swali la pili tu.

Ninalijua hilo kwa sababu nami nilitunga. Nikiwa mwanafunzi niliijaza logibuku yangu usiku mmoja, kwa kuikopi ya mwenzangu niliyekuwa naye kituoni, baada ya kusikia kwamba msimamizi kutoka chuoni anakuja kesho yake. Alifika, akafungua ukurasa wa wiki ya tatu, akasoma nilipoandika kwamba nilifanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, akaniuliza kwa upole, "Wa akaunti ipi?" Nilijibu akaunti ya maendeleo. Mwenzangu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, alikuwa amejibu akaunti ya mishahara dakika kumi kabla. Mzee yule hakusema neno. Aliandika alama na kufunga daftari.

Mtu ataniuliza, na ni haki yake, itakuwaje kwa aliyepangiwa mahali wasikompa kazi yoyote. Wapo, na si wachache: mwanafunzi anayetumwa chai asubuhi, fotokopi mchana, na jioni kuambiwa arudi kesho. Hapo mimi husema usisubiri wiki ya sita ndipo ulalamike. Mwishoni mwa wiki ya kwanza mwendee msimamizi wako na ombi dogo lenye mpaka: "Mzee, naomba kila siku nikae saa moja na anayeandaa malipo, nitazame tu." Ni nadra ombi la kutazama kukataliwa, na anayetazama kwa makini siku tatu, siku ya nne huambiwa ashike kalamu. Ikishindikana, tupigie simu tukiwa bado na muda wa kukuhamisha. Ofisi yetu ina rejista ya vituo, na mbele ya kila kituo tumeandika kama kinafundisha au kinapokea tu. Kwa maoni yangu rejista hiyo ina manufaa kuliko siku za taaluma zenye mabango na fulana, ambazo nazo tunaziandaa kila mwaka, sikatai.

Baada ya kuhitimu milango ni mingine, na kila mmoja unadai kumbukumbu zilezile. Huduma ya ajira ya serikali, iliyokuwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ulioanzishwa mwaka 2008 na sasa ni kitengo kiitwacho TaESU, huwapeleka wahitimu kwa waajiri kupata uzoefu wa kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu, ulioanza mwaka 2003, wa miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, na huko mhitimu hutakiwa tena kuandika alichokifanya na kusainiwa. Anayeomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hujaza mwenyewe sehemu ya uzoefu na ya wadhamini. Mwanafunzi aliyezoea kuandika mistari minne kila jioni hufika kwenye fomu hizo akiwa na cha kunakili.

Hilo la wadhamini halisubiri. Siku ya kwanza kituoni andika nyuma ya jalada la logibuku jina kamili la msimamizi wako, cheo chake na namba yake ya simu; siku ya mwisho mwombe ruhusa ya kumtaja kama mdhamini, na mwachie nakala ya ripoti yako. Mwaka jana mwajiri mmoja alimpigia mweka hazina aliyetajwa kwenye wasifu wa mhitimu wetu. Mweka hazina hakulikumbuka jina, akaomba dakika mbili, akavuta droo, akaitoa ile ripoti.