Ukuta wa Chokaa Hauogeshwi kama Gari

Mvua za masika zikikatika, kuta nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hubaki na michirizi myeusi chini ya madirisha na utelezi wa kijani karibu na ardhi. Wenye nyumba huona haya, na siku hizi wepesi wao ni kuazima mashine ya kuoshea magari. Kwa saa moja ukuta unang'aa. Baada ya miezi michache lipu inatuna, inapasuka, inaanguka vipandevipande. Nimeitwa kutazama kuta za namna hii mara nyingi na kila mara inaniuma, maana lile doa peke yake lisingeuangusha ukuta.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita hivi, na umejaa vitundu vidogo mno: unakunywa maji ya mvua, kisha unayatoa taratibu kwa jua na upepo. Maji ya nguvu huchubua ngozi ngumu ya chokaa iliyo juu, yakapenya ndani hadi kwenye ncha za boriti zinazobeba sakafu. Boriti ikianza kuoza humo ndani, hakuna anayeiona mpaka dari ishuke.

Kabla ya kushika brashi, tafuta maji yanakotoka. Weusi ule ni kuvu na mimea midogo isiyoishi pakavu. Simama barazani mvua ikinyesha utazame: mfereji wa paa umeziba majani? Bati limetoboka? Chanzo ambacho watu hukisahau ni kiyoyozi. Mpira wake unadondosha maji ukutani mchana kutwa, hata kiangazi, na jirani wa chini ndiye anayelaumiwa kwa uchafu. Urefushe mpira huo umwage mbali na ukuta, na nusu ya kazi imekwisha.

Kuvu yenyewe isugue ikiwa kavu, kwa brashi ya nailoni au ya makumbi ya nazi. Brashi ya waya usiitumie kabisa. Huchubua chokaa na huacha vipande vya chuma vitakavyoota kutu. Kinachobaki kioshwe kwa maji matamu na sponji. Lowesha kwanza sehemu ya chini, ili maji machafu yanayoteremka yasinywewe na ukuta mkavu. Anzia mahali pasipoonekana, padogo kama kiganja, uache pakauke siku kadhaa ndipo uamue kuendelea.

Asidi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mafundi wengine hupaka asidi ya kusafishia vyoo, au hata ya betri, na wakiona povu husema dawa inafanya kazi. Povu lile ni chokaa inayeyuka. Siki na ndimu nazo hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Dawa ya kung'arishia nguo huua kuvu kweli, lakini huacha chumvi ndani ya ukuta. Na yeyote asithubutu kuichanganya na asidi: hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu na inaweza kuua.

Chumvi inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu huitibu kinyume. Ule unga mweupe unaochomoza sehemu za chini za ukuta ni chumvi iliyopandishwa na unyevu kutoka ardhini, au iliyoletwa na upepo wa bahari, au iliyokuwemo tangu fundi alipotumia mchanga wa pwani bila kuuosha. Maji yakikauka, chumvi hugeuka chembe, chembe hutanuka, na lipu humeguka. Ukiuosha unga huo, unaurudisha ndani. Ufagie ukiwa mkavu, tandika turubai chini uukinge, kisha ukautupe mbali. Palipokithiri, roweka karatasi laini isiyo na rangi katika maji safi ya mvua, ipondeponde iwe kama uji mzito, uibandike ukutani kama dawa ya jipu. Ikikauka itakuwa imevuta chumvi. Ibandue, rudia kwa karatasi mpya. Maji ya kisima cha karibu na bahari hayafai, yana chumvi yake.

Alama za kutu, hasa chini ya nondo na vyuma vya viyoyozi, hazitoki bila kwanza kushughulikia chuma chenyewe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana jiwe hupasuka. Hapo mwite fundi anayejua chokaa.

Mkishasafisha, acheni ukuta ukauke. Msiufunike kwa saruji wala rangi ya plastiki, kwani zote huzuia unyevu kutoka. Rangi yake ni chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, ikachujwa na kupakwa nyepesi, mikono minne au mitano, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke. Chokaa ni kali kwa kuvu, na mvua ikiila, inaliwa rangi badala ya lipu. Ni kali kwa macho pia, kwa hiyo vaeni miwani na glavu. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, basi ulizieni kibali kwanza. Muda mzuri wa kazi ni kipupwe, kuanzia Juni, ili vuli ikifika rangi iwe imeshashika.