Novruz ya Waazabajani: sikukuu inayoanzia jikoni na kuishia mlangoni kwa jirani

Kila mwezi wa tatu ukikaribia, walimu na wanafunzi wanaoandaa siku ya mataifa shuleni wanatutumia maswali kwenye kitengo chetu cha mila na elimu kwa umma, na kuna moja ambalo halikosi: hii Novruz ni ya dini gani? Jibu ni kwamba sio ya dini. Waazabajani wengi ni Waislamu, tena wengi wao Washia, na Ramadhani wanafunga na Idi ya kuchinja wanaisherehekea kama kawaida, lakini Novruz ni ya zamani kuliko Uislamu wenyewe, ni sherehe ya kupokea majira ya chipukizi pale usiku na mchana vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi, na kwa hesabu yao ya jadi hapo ndo mwaka unageuka. Wanaiadhimisha pia Wairani, Wauzbeki, Wakirgizi, Watajiki na wengine wengi, ndo maana UNESCO mwaka 2009 iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa jina la nchi kadhaa kwa pamoja, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukatangaza 21 Machi kuwa siku ya Novruz duniani.

Kwa asiyeijua, Azabajani iko Kaukazi, kaskazini mwa Irani, kando ya Bahari ya Kaspi, ina watu kama milioni 10. Wapenda mpira wengi wa huku jina la Baku, mji mkuu wake, walilishika mwaka 2019 Chelsea alipompiga Arsenal 4-1 kwenye fainali ya Europa. Ni nchi ya mafuta na gesi, na nje kidogo ya Baku kuna kilima kinaitwa Yanar Dağ ambapo gesi inatoka ardhini na kuwaka yenyewe mchana na usiku, kwahiyo moto kwa watu hawa ni kitu wanachoishi nacho toka enzi, na utaona jinsi unavyoingia kwenye sherehe.

Ninachotaka ushike kwenye makala hii ni kwamba Novruz ni sikukuu ya nyumbani, na ndo siri ya kudumu kwake. Zile picha za mtandaoni za jukwaa, ngoma na wakubwa wa serikali zipo na ni kweli, kila mwaka kunakuwa na shamrashamra pale mji mkongwe wa Baku karibu na Mnara wa Bikira (wenyewe wanauita Qız Qalası), ila hizo ni ganda tu. Angalia historia: Azabajani ilikuwa ndani ya Muungano wa Sovieti mpaka 1991, na kwa miongo mingi chama tawala cha kikomunisti kiliiona Novruz kama masalia ya dini na ya zamani, hivyo haikuwa siku ya mapumziko, na hadharani ilibanwa. Lakini utamzuiaje bibi asiloweke ngano kwenye sahani dirishani kwake? Utamzuiaje mtoto asigonge mlango wa jirani? Watu waliendelea kimyakimya majumbani mpaka mwaka 1967 ikaruhusiwa kufanyika hadharani, na anayetajwa sana kwa juhudi hiyo ni Shikhali Gurbanov, aliyekuwa katibu kwenye kamati kuu ya chama cha kikomunisti cha huko, mtu ambaye alifariki mwaka huohuo. Leo ni mapumziko ya kitaifa kuanzia tarehe 20 hadi 24 Machi.

Maandalizi yanaanza karibu mwezi mzima kabla, na yanahesabiwa kwa Jumanne nne. Kila Jumanne ina kitu chake, na mpangilio unaotajwa zaidi ni maji, moto, upepo na udongo, yaani wanasema dunia inaamka hatua kwa hatua, barafu inayeyuka kwanza, halafu jua linapata nguvu, upepo unafungua machipukizi, mwisho ardhi yenyewe iko tayari kupokea mbegu. Ukiangalia vizuri hii ni kalenda ya mkulima. Katika wiki hizi nyumba inasafishwa mpaka chini ya mazulia, vitu vibovu vinatolewa, miti inapandwa.

Sasa twende kwenye ile sahani ya ngano, inaitwa səməni, na hii ndo alama ya Novruz kuliko kitu kingine chochote. Unachukua ngano nzima, unaiosha, unailoweka siku moja au mbili mpaka ipasuke kidogo ncha, unaitandaza kwenye sahani bapa tabaka jembamba, unaifunika na kitambaa chepesi chenye unyevu, na kila siku unanyunyizia maji kidogo tu maana ukizidisha inaoza na kutoa harufu. Mizizi inashikana chini kama mkeka. Majani yakianza kusimama unatoa kitambaa na kuiweka penye mwanga, na yakishafika urefu wa kiganja hivi unayafunga katikati na utepe mwekundu yasianguke. Ikikaa mezani kijani kibichi wakati huko nje miti bado ni mikavu na baridi haijaisha, unaelewa bila kuelezwa kwanini wanaipenda hivyo. Kuna pia halua inayopikwa kwa ngano iliyochipushwa, nayo inakorogwa masaa na masaa, kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, ndo maana wanawake wa jirani wanapokezana mwiko.

Jikoni kuna mengine mazito. Vitu vitatu havikosekani: şəkərbura, paxlava na qoğal. Qoğal ni mkate wa mviringo wenye matabaka na viungo, paxlava inakatwa vipande vya umbo la almasi, şəkərbura ina umbo la mwezi mchanga, na wengi watakuambia kwamba hayo ni jua, nyota na mwezi. Mimi naomba nikae kwenye şəkərbura maana hapo ndo ufundi ulipo. Unga unakandwa na siagi na viini vya mayai mpaka uwe laini kabisa, unasukumwa viduara vidogo, katikati inawekwa lozi iliyosagwa na sukari na iliki, unakunjwa nusu, halafu ukingo unasukwa kwa vidole, msuko mwembamba kama ukili. Bado hujamaliza, sasa kuna kibano kidogo cha chuma chenye meno kinaitwa maqqaş, na hicho unakitumia kubana ngozi ya unga mstari kwa mstari mpaka juu pawe na nakshi za masuke ya ngano, na unabana bila kutoboa maana ukitoboa imeharibika. Kwenye oveni haiachwi iwe nyekundu, inatakiwa itoke ikiwa bado nyeupe-nyeupe ili nakshi zionekane. Kwa hiyo familia inakaa meza nzima, huyu anasukuma, yule anajaza, shangazi mwenye mkono mwepesi anapewa kibano, na wasichana wadogo wanajifunzia hapohapo. Paxlava nayo kila mji una yake, ile ya Şəki inatengenezwa na nyavu nyembamba za unga wa mchele unaomiminwa kwenye chuma cha moto, haifanani kabisa na ile ya Baku.

Jumanne ya mwisho ndo watoto wanaisubiri. Jioni unawashwa moto mkubwa wa kuni uwanjani au uani, hata kati ya maghorofa ya Baku utauona, na watu wote wanauruka, mzee kwa kijana, huku wanatamka maneno ya kuomba maumivu na mikosi ya mwaka uliopita iangukie motoni iungue. Baada ya hapo watoto wanaenda kugonga milango, na hawaingii, wanatupa kofia au kikapu mlangoni kisha wanakimbia kujificha, mwenye nyumba anafungua, anajaza pipi, lozi, mayai ya rangi na vitamutamu, anarudisha kofia pale chini bila kumtafuta aliyeileta. Kurudisha kofia tupu ni aibu kubwa. Mayai hayo yanapakwa rangi, zamani kwa kuchemshwa na maganda ya vitunguu, na watoto wanagonganisha yai kwa yai, litakalopasuka mwenyewe amelipoteza.

Kuna desturi nyingine ya jioni hiyo ambayo kwangu mimi ni nzuri kuliko zote. Mtu anaweka nia moyoni, labda ni msichana anayewaza ndoa au mama anayesubiri habari ya mwanaye, anaenda kusimama nyuma ya mlango wa jirani na kusikiliza, na neno la kwanza atakalolisikia analichukua kama jibu. Kwa sababu kila nyumba inajua kwamba huenda kuna mtu nje anasikiliza, jioni ile watu wanajitahidi wasigombane, wasilalamike, wasitaje ugonjwa wala deni, wanaongea mema tu. Hebu fikiria mtaa mzima unachunga ulimi kwa ajili ya mtu wasiyemjua aliyesimama gizani.

Mitaani nako kuna mchezo wa Kosa na Keçəl. Kosa hana ndevu, amevaa koti la manyoya lililogeuzwa ndani nje, tumbo limejazwa matambara, Keçəl ni kipara, wanataniana, wanaibiana, wanaomba zawadi nyumba kwa nyumba. Kosa anakufa, kisha anafufuka, na hapo baridi imekwisha. Pamoja nao anakuja msichana aliyevaa kijani, yeye ndo majira yenyewe.

Usiku wenyewe wa Novruz kila mtu anatakiwa awe kwake. Wana msemo kwamba atakayekosekana nyumbani siku hiyo atazurura miaka 7, na kwa wale wanaofanya kazi Urusi au Uturuki msemo huu unauma kweli. Mezani inawekwa sinia kubwa inaitwa xonça, yenye səməni, vitamutamu, mayai, matunda makavu, na mshumaa kwa kila mwanafamilia. Wengine wanaweka yai juu ya kioo na kulikodolea macho, wakiamini mwaka ukigeuka litatikisika. Chakula ni plov, ndugu wa pilau yetu, ila wali wake unapikwa peke yake na zafarani, na nyama yenye matunda makavu inapikwa pembeni, vinakutana sahanini. Na ule ukoko wa chini hawautupi, wanautengeneza makusudi, unaitwa qazmaq, na mgeni ndo anapewa kipande kizuri.

Naomba watu wasifikiri ni raha tupu. Familia iliyofiwa ndani ya mwaka huo, sikukuu ya kwanza inayofuata kwao inaitwa sikukuu nyeusi, na ndugu na majirani wanaenda kwanza kukaa nao kabla ya kwenda kwenye shangwe zao. Makaburi yanatembelewa. Na waliogombana wanatakiwa wapatane kabla mwaka haujageuka, wazee wanalisimamia hili kwa nguvu.

Sinia hiyohiyo utaikuta kwenye ndoa pia. Binti aliyechumbiwa anatumiwa xonça ya Novruz na upande wa mume mtarajiwa, ikiwa na nguo na zawadi zenye rangi nyekundu, na ikifika Idi ya kuchinja anatumiwa kondoo aliyefungwa utepe na kupakwa hina. Hata posa inajibiwa kwa kinywaji: chai ikiletwa na sukari wageni wanajua wamekubaliwa. Chai huko inanyweka kwenye glasi ndogo yenye kiuno, pamoja na jamu ya matunda ya kulamba kwa kijiko pembeni, na utamaduni huo nao UNESCO iliuandikisha mwaka 2022, Azabajani pamoja na Uturuki.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ameshaanza kuhisi kitu hapa. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, ni ndugu wa Novruz, wazee wanauita Nairuzi, na ulifika kwetu kupitia Waajemi na safari za Bahari ya Hindi. Angalia na mambo yenyewe: kuna kuoga maji kuondoa ya mwaka uliopita, kuna kibanda kinachochomwa moto, kuna kupigana kwa migomba ili kinyongo kiishe, kuna kulisha mgeni. Yetu inaangukia Julai kwa sababu mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili bila ile siku ya nyongeza ya kila miaka minne, kwahiyo umesogea polepole karne kwa karne, na wavuvi na wakulima walihesabia humo miongo ya siku kumi kumi wajue pepo na mvua.

Kwa walimu wanaotaka kuotesha səməni darasani: anzeni wiki ya kwanza ya Machi, maana huku kwenye joto inachipua haraka kuliko Baku, na tumieni ngano nzima ya chakula isiyokobolewa. Msitumie mbegu za duka la pembejeo, nyingi zimepakwa dawa ya kuua fangasi na mara nyingi utaziona zina rangi ya pinki au bluu, hizo ni sumu na watoto hawatakiwi kuzishika. Nusu kikombe cha ngano kinatosha sahani moja. Na mkipata mgeni Mwazabajani siku hiyo mwambieni "Novruz bayramınız mübarək", herufi ile ə inatamkwa kama a iliyoelekea e, na akiwaletea şəkərbura kwenye sahani msiirudishe sahani tupu.