Mitaa ya Tanga haikugawanyika yenyewe

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu: eti zamani Tanga kila watu walijitenga kwa hiari, ndiyo maana pakawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Si kweli. Serikali ya kikoloni iligawa miji ya Tanganyika kwa kanuni za ujenzi. Nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti, haikuruhusiwa Uzunguni. Mara nyingi kanuni zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Tembea Raskazone, upande wa Uzunguni, uone viwanja vipana kando ya bahari, kisha ingia Ngamiani, upande wa Uswahilini, barabara za namba, nyumba zimebanana. Muulize bibi alisoma wapi. Shule zilitengwa kwa rangi hadi mwishoni mwa 1961.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Unawabebesha babu zetu uamuzi ambao hawakuufanya.