Je, wajua kwa nini Syracuse kuna taa ya barabarani yenye kijani juu na nyekundu chini?

Karibu kila mji duniani, taa za kuongozea magari hupangwa vilevile: nyekundu juu, njano katikati, kijani chini. Si suala la urembo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12 macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo dereva wa namna hiyo hutazama ni taa ya wapi iliyowaka, ya juu au ya chini. Lakini Syracuse, jiji la watu wasiofika 150,000 katika jimbo la New York, kuna njiapanda ya Tompkins na Milton ambapo kijani ndiyo imekaa juu.

Mtaa wenyewe unaitwa Tipperary Hill, na ulijaa Waairishi, watu ambao jasho lao lilisaidia kuchimba Erie, mfereji wa kupitishia mashua uliofunguliwa mwaka 1825. Taa ilipowekwa hapo mwaka 1925, ilikuwa miaka mitatu tu tangu sehemu kubwa ya Ireland ijitoe mikononi mwa Waingereza baada ya vita. Vijana wakaitazama wakaona tusi: nyekundu ya Mwingereza imeikalia kijani ya Ireland! Wakaokota mawe. Kioo kikibadilishwa, kinavunjwa tena.

Diwani wao, John Ryan, akalibana jiji hadi taa ikageuzwa. Wakubwa wa jimbo wakaja juu, sheria ni sheria, ikarudishwa ilivyokuwa, na mawe nayo yakarudi. Machi 1928 viongozi wakakaa kitako na watu wa mtaa, wakakubali yaishe. Kijani ikapanda juu, na haijashuka mpaka leo. Mwaka 1997 pakajengwa sanamu karibu nayo: baba anawaonyesha mkewe na watoto ile taa, na kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya mvulana kumechomoza manati. Wavunja mali ya umma wamekuwa watu wa kuchongewa sanamu.

Wenyeji huisimulia kama kichekesho, na ni kichekesho kweli. Ila ukiuliza kwa nini jiji lilisalimu amri, mawe peke yake si jibu. Waairishi walikuwa na kura, na walikuwa na mtu wao ndani ya baraza la madiwani. Hasira yao ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Upande wa pili wa katikati ya jiji kulikuwa na Kata ya 15, walikoishi Weusi wengi, kwa sababu kwingineko hawakuuziwa wala kupangishwa nyumba. Miaka ya 1930 shirika la mikopo ya nyumba la serikali kuu lilichora ramani za majiji na kuzipaka rangi: kijani kwa mitaa ya kukopesha bila wasiwasi, nyekundu kwa mitaa ya kuepuka. Kata ya 15 ikapakwa nyekundu. Mikopo ikakauka, nyumba zikachakaa, kisha uchakavu huohuo ukageuzwa kuwa sababu ya kubomoa. Kufikia miaka ya 1960 familia zipatazo 1,300 zilikuwa zimeondolewa, na barabara kuu ya I-81 ikapitishwa pale juu ya nguzo.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1963 George Wiley, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha hapohapo, aliongoza maandamano dhidi ya bomoabomoa hiyo. Wengi walikamatwa. Matingatinga yakaendelea na kazi.

Sasa barabara ile ya juu imezeeka. Jimbo lilianza mwaka 2023 mradi wa kuibomoa, unaogharimu zaidi ya dola bilioni 2. Magari ya safari ndefu yatazungushwa nje ya jiji, na ya mjini yatapita barabara za kawaida za chini. Wakazi wa Pioneer Homes, nyumba za serikali zilizo ubavuni mwa nguzo hizo, wamepokea habari hiyo kwa maswali: vumbi la ubomoaji litawafikia kiasi gani watoto wao, kodi zitapanda vipi mtaa ukishapendeza, na ardhi itakayobaki wazi, ile ya Kata ya 15, atapewa nani.