Mtoto wa Mbwa Akimkwaruza Mwanao Wakicheza

Jirani ametupa mtoto wa mbwa, chotara wa miezi miwili. Anacheza na wanangu kutwa nzima. Je, achanjwe akiwa mdogo hivi?

Wengi huamini mbwa aliyeachishwa ziwa juzi hawezi kuwa na kichaa cha mbwa. Anaweza, ikiwa aling'atwa na mbwa mgonjwa, hata mama yake. Kwa kawaida huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Akichanjwa mapema zaidi, ataongezewa nyingine. Mwone daktari wa mifugo, na kadi yake itunze kama ile ya kliniki ya mtoto.

Jana alimkwaruza mdogo kwa jino, damu kidogo tu. Nilimpaka majivu. Yanatosha?

Hayatoshi, mama. Osha kidonda sasa hivi, hata kama ni cha jana: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mtu amwagie kwa jagi. Kisha mpeleke hospitali leo hii kwa sindano za kichaa cha mbwa. Kirusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na chanjo inapaswa kukiwahi njiani. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaogopa maji na kuweweseka, karibu kila mara hufa.

Mbwa msimuue. Mfungeni mahali salama, mmtazame siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ila msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende.

Na tafadhali, waulizeni watoto bila ukali. Mtoto huficha mkwaruzo kwa kuogopa rafiki yake asije akafukuzwa.

Na minyoo?

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, au huipata kwenye maziwa ya mama. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi miezi mitatu, kwa hiyo mbwa wenu ameshachelewa. Mayai ya minyoo hukomaa mchangani kwa wiki mbili au zaidi. Mkiokota mavi kila siku, mnayawahi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Alale na watoto?

Kwa sasa hapana. Mpeni boksi lenye gunia, kando. Akiwa anakula au amelala, mtoto asimguse. Hata mbwa mpole hung'ata akishtuliwa.