Kisu hakikomazi mapafu

Juzi tena, shangazi wa mzazi mmoja kanisimamisha mlangoni pa wodi ya njiti: "Daktari, mtoto alitanguliza makalio, mbona mama hakupasuliwa? Angepasuliwa, mtoto asingekuwa kwenye oksijeni." Mtoto kazaliwa mimba ikiwa na wiki 30.

Shangazi, yuko kwenye oksijeni kwa sababu mapafu yake hayana safaktanti ya kutosha, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Angetokea juu au chini, mapafu ni yale yale.

Shangazi namsamehe. Nisiowasamehe ni wenzangu wa makoti meupe. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto waliotanguliza makalio: akina mama 2,088, nchi 26. Vifo na madhara makubwa kwa kichanga vilikuwa asilimia 1.6 kwa waliopangiwa upasuaji, 5.0 kwa waliopangiwa njia ya kawaida. Tunazikariri namba hizo kama sala, tunasahau kwamba ni mimba zilizotimiza miezi. Njiti hakuwamo hata mmoja.

Hofu ya kichwa kubanwa ni ya kweli. Kiwiliwili cha njiti ni chembamba, kinateleza kabla njia haijafunguka yote, kichwa kinabaki ndani. Nimesimama pembeni na ambu, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, mkononi nikingoja, na dakika zile ni ndefu. Lakini anayedhani thieta hakuna kubanwa hajaona mfuko wa uzazi wa wiki 27: sehemu ya chini bado nene, haijatanuka, na kichwa hubanwa kwenye kidonda cha kisu vile vile. Mara nyingine bingwa hulazimika kukata wima, na mama anabeba kovu linaloweza kuachia mimba ijayo.

Sasa linaloniudhi hasa. "Rejista yetu inaonyesha waliozaliwa kawaida wanakufa zaidi." Ni akina nani hao? Huyu kafika na bodaboda, kafunguka sentimita 10, miguu ya mtoto iko nje, deksamethasoni, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, hajaionja. Yule kalazwa siku mbili, kamaliza dozi zote, mimi nipo thieta nimeshapasha meza joto. Kisha sifa zote apewe kisu! Dawa ya ubishi huu ni kuwagawa akina mama kwa bahati nasibu, na imejaribiwa. Madaktari walishindwa kuwaandikisha, kila mmoja keshaamua moyoni. Mapitio ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio yote ya kugawa hivyo kwa njiti, waliotanguliza makalio na kichwa pamoja: akina mama 116. Dunia nzima.

Na mimi? Wiki 29, makalio, leba imeanza, njia haijafunguka. Bingwa akiniuliza, nasema twende thieta. Tafiti za kufuatilia rejista, hizo hizo ninazozikejeli, zinaelekea huko. Sijui kama ni ushahidi unaonisukuma au ni zile dakika na ambu mkononi.

Ila sindano za mapafu, joto, mashine ya kusukuma hewa, hayo siyabishanii. Kangaruu pia: mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kumweka njiti kifuani pa mama mara tu anapozaliwa, bila kungoja atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Hakuna jamaa aliyewahi kunisimamisha mlangoni kuniuliza kwa nini hilo halikufanyika.

Shangazi nilimtuma khanga mbili safi na amlete mama mtoto. Oksijeni haizuii kubebwa kifuani.