Vishikio vya joto vya pikipiki: betri kubwa haitakusaidia

Kila mwaka ifikapo Juni, ukungu unapoanza kukaa Njombe hadi saa nne asubuhi na barafu nyembamba kuonekana juu ya nyasi za Kitulo, meza yangu ya kazi hujaa maboksi ya vishikio vya joto, yaani vishikio vya usukani vinavyopasha mikono kwa umeme, ambavyo wateja wameviagiza mtandaoni wakiwa na nia ya kuvifunga wenyewe. Sina ubaya na nia hiyo, kwa kuwa ni kazi ambayo mtu anayeanza anaweza kuimaliza kwa nusu siku akiwa na bisibisi, koleo na mita ya umeme. Kinachonichosha ni kauli inayokuja pamoja na boksi: "Fundi, nimeshanunua na betri kubwa, kwa hiyo umeme hautasumbua." Wiki iliyopita niliisikia mara tatu, na mara ya tatu mteja alikuwa ameshakata kishikizo cha betri kwa msumeno ili hiyo kubwa ienee.

Betri hutunza umeme, haizalishi. Pikipiki ikiwa inatembea, anayezalisha ni magineti, yaani sumaku inayozungushwa na injini pembeni ya koili. Umeme huo hupita kwenye rektifaya, kifaa kinachougeuza uwe wa aina inayopokelewa na betri, hulisha vinavyotumika wakati huo, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye betri. Mtu anayeishi kwenye maji ya mgao anajua kwamba kununua simtanki la lita 2,000 badala ya la lita 500 hakuongezi hata tone kwenye bomba linalolijaza, lakini mtu huyo huyo akifika gereji anaamini kwamba betri ya ukubwa mara mbili italeta umeme mara mbili.

Tufanye hesabu. Jozi nyingi za vishikio ninazoletewa huvuta kati ya ampea 3 na 4 zikiwekwa kwenye joto la juu kabisa. Chukua ampea 3.5 kwa volti 13.5, nayo ni takriban wati 47, kiasi kinachozidi taa kubwa ya wati 35 iliyomo kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150. Hapo hujakanyaga breki, ambayo taa yake peke yake ni wati 21, wala hujawasha indiketa. Ikiwa magineti yako inapungukiwa wati 20 tu ili kutosheleza yote hayo, pengo hilo linazibwa na betri, ambayo italazimika kutoa ampea 1.6 hivi muda wote uwapo barabarani. Betri ya 12V 5Ah, yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa tano, itakauka baada ya saa tatu na kidogo, na ya 9Ah itafika saa tano na nusu. Tena hiyo ni hesabu ya karatasini, kwa kuwa staita hugoma mapema zaidi. Kwa hiyo betri kubwa imesogeza mbele siku ya kusukuma pikipiki, na baya zaidi ni kwamba haitajazwa tena kikamilifu na magineti ile ile iliyoshindwa kuijaza ndogo. Betri ya asidi inayoishi nusu tupu hujenga salfeti ngumu juu ya bamba zake, na ikishafika hapo hakuna chaja inayoirudisha katika hali ya upya.

Badala ya kwenda kununua betri, pima. Washa injini hadi ipate moto, weka waya za mita kwenye vichwa vya betri, washa taa kubwa, kisha shikilia mafuta kwenye mzunguko wa mwendo wako wa kawaida wa safari. Mfumo usio na hitilafu utakuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5. Sasa washa vishikio kwenye joto la juu na usubiri dakika tatu bila kuachia mafuta. Volti zikibaki juu ya 13.2, umesalimika; zikishuka chini ya 12.8 na kuendelea kuteremka taratibu, betri inaliwa, na unapaswa kurudi kwenye kiwango cha chini cha joto hadi upate kile ambacho namba inasimama. Rudia kipimo ukiwa umeachia mafuta kabisa, kwa sababu hapo ndipo magineti huwa dhaifu kuliko wakati wowote, na ndiyo maana indiketa huanza kusinzia unaposubiri abiria huku vishikio vinawaka. Ukiwa umesimama, vizime.

Wapo wanaonijibu kwamba wameweka taa ya LED ili kuokoa umeme. Ni wazo zuri iwapo taa kubwa yako inalishwa na betri. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hulishwa moja kwa moja na koili, na utaitambua kwa jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka kwa kufuata mafuta. Kwa mfumo huo, ulichookoa kwenye taa huenda kisifike kwenye betri hata kidogo.

Fyuzi nayo ina hadithi zake. Wengi huamini kwamba ipo kulinda vishikio, na kwamba ikikatika mara mbili ni dalili kuwa ni ndogo, hivyo huizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi hulinda waya usiungue chini ya tangi la petroli. Kwa mzigo wa ampea 3.5 inatosha fyuzi ya ampea 5, ikiwa karibu na kichwa chanya cha betri kiasi cha shubiri moja, kwani kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Kufunga moja kwa moja kwenye betri si kosa ikiwa katikati kuna rilei, yaani swichi inayojiwasha kwa umeme, inayoamshwa na waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa, kama ule wa taa ya nyuma. Bila rilei utasahau swichi usiku mmoja, na asubuhi utailaumu betri.

Wapo pia wanaodhani kwamba wakishafunga vishikio wanaweza kuachana na glovu; hapana. Vishikio hupasha kiganja, ilhali upepo unapiga mgongo wa mkono. Kwa maoni yangu, kabla ya kununua chochote chenye waya, shonesha mifuko ya turubai inayofunika usukani pamoja na vidole; haivuti hata wati moja, na nusu ya wateja wangu wangeridhika nayo.

Mwisho ni kishikio cha kulia, ambacho wengi hudhani kinafanana na cha kushoto. Tundu lake ni pana zaidi kwa sababu kinakaa juu ya bomba linalozunguka kwenye usukani unapoongeza mafuta, na bomba hilo mara nyingi lina matuta yanayotakiwa kusawazishwa kwa tupa. Futa mafuta na vumbi kwa spiriti, tumia gundi iliyokuja kwenye boksi, usiteleze kishikio kwa sabuni, na upange waya wake mahali ambapo hautagusa mkono wa breki. Gundi ikishakauka, kunja usukani wote kushoto, zungusha mafuta hadi mwisho na uachie, kisha ufanye hivyo hivyo kulia. Kishikio kikichelewa kurudi hata mara moja, waya umekazwa mno. Ufungue na uuachie nafasi kabla injini haijawashwa.